Gari la Owino Halitambeba Binti Yangu

Jumatatu, 1 Desemba

Harusi ya Wangechi ni Jumamosi. Kila kitu kiko tayari. Hema, keki, kwaya, bustani ya karamu kule Thika karibu na maporomoko ya Chania. Sikuwa na wasiwasi wowote. Kisha Owino akanunua gari.

Owino ni jirani yangu hapa kwa ploti ya kupanga Ruiru, mlango wake unatazamana na wetu. Mtu wa Siaya, anafanya kazi kiwandani Thika, mpole sana. Leo nimesimama njiani na kikombe changu cha uji, nikasikia kitu kimenigusa goti kwa nyuma. Kagari! Keupe, kapya, ka umeme, kutoka China. Hakana sauti hata kidogo! Uji wote kwa shati. Owino ametoka akiomba msamaha huku anacheka.

Ploti nzima imetoka kupiga picha. Wakadai aoshe gari, yaani anunue nyama. Akanunua! Nimekula mbavu nyingi, zote kwa hasira.

Hapo ndipo Waithira, mke wangu, mdomo umejaa, akatangaza kwamba hili ndilo gari la kumpeleka Wangechi kanisani.

Ngai fafa! Gari la kumpeleka Wangechi kanisani lipo. Limeegeshwa pale chini ya kamba ya nguo. Mjapani wangu. Nilimtoa Wangechi hospitalini nalo akiwa na siku mbili. Nikampeleka nasari nalo siku ya kwanza, akalia njia nzima, nikamwambia nyamaza mama, siku moja gari hili hili litakupeleka kanisani umevaa nyeupe. Niliahidi. Kagari ka Owino hakatambeba binti yangu. Labda nife.

Jumanne, 2 Desemba

Mpango wa kwanza: ukweli.

Nimeita kikao cha kamati ya harusi, yaani Waithira na dada zake wawili. Nimewaambia haya magari ya China ya bei ya chini ni bati na rangi. Spea hakuna. Betri ikikufa, umezika gari. Siku ya kuuza hakuna mtu atakayekupigia simu.

Waithira amekubali kwamba spea za Mjapani zinapatikana, kwa sababu kila wiki ananiona nikienda kuzitafuta. Dada yake mkubwa ameuliza kama kuna mtu aliwahi kutaka kununua langu. Nimesema wako. Akauliza akina nani. Nikasema sio vizuri kutaja watu ambao hawapo.

Basi nikawatoa nje kwa mtihani wa bodi. Kila mtu anajua gari zuri ukiligonga kwa ngumi linajibu. Nimegonga kagari: tii. Sufuria tupu! Wakatingisha vichwa. Nikamgonga Mjapani kwa nguvu ili tofauti ionekane. Akasema ndu! Sauti nzito, ya heshima. Halafu kitu kikaanguka chini ya gari.

Nimekikanyaga haraka kabla hawajaona. Baadaye nimekitazama vizuri. Kina tundu katikati na mafuta. Sijui ni cha nini. Nimekiweka kwa droo ya vijiko.

Jumatano, 3 Desemba

Mpango wa pili: maji.

Asubuhi nimesimama pale kwa mfereji wa kuchotea maji nikaeleza akina mama kwamba umeme na maji havipatani, na mvua ikinyesha hilo gari linaweza kuangamiza ploti yote. Nimeeleza vizuri sana. Mama mmoja amehamisha nguo zake za kuanikwa.

Jioni mvua ikanyesha. Ile ya Ruiru yenyewe, ya kugeuza barabara ya Mwiki kuwa mto. Nikatoka na Mjapani nione jinsi Owino atakavyoaibika.

Mjapani amenizimikia katikati ya maji. Maji yameingia kwa mlango, nikakaa miguu ikiwa juu ya usukani. Kisha nikaona taa mbili zinakuja polepole, bila haraka, bila sauti. Kagari! Ndani: Owino, Waithira, dada zake wote wawili na keki ya kuonja kwenye mapaja. Wakavu wote. Wanaimba nyimbo za harusi!

Owino amenipakia. Hakuna aliyeniuliza chochote, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Kuna hewa ya moto inayopuliza miguuni. Soksi zangu zimekauka kabla hatujafika getini. Nimeipenda sana hiyo hewa na sitamwambia mtu.

Maji yalipopungua nimemrudia Mjapani, akawaka bila kusukumwa. Ni gari gani lingine lingewaka? Sasa lakini anatoa sauti mpya. Ukikaa kiti cha nyuma na unataka kuongea nami, inabidi unigonge bega kwanza. Mimi napenda hivyo. Unajua unasafiri.

Alhamisi, 4 Desemba

Mpango wa tatu: usalama. Huu haungeweza kushindwa.

Nimewapeleka wote kwa fundi Mutisya, pamoja na magari yote mawili. Nimemwambia Mutisya, mbele ya mashahidi, atuambie ni lipi litamlinda bibi harusi tukigongwa.

Mutisya ameanza na kagari. Mikanda yote inafunga. Ile mifuko ya hewa inayofura ukigongwa ipo, mbele na pembeni. Akasema sio magari yote ya China yako hivi, kuna mengine ya bei ya kutupa ambayo yeye hangepakia hata mbuzi, ndiyo maana mtu anafaa kuangalia kwanza. Owino akasema aliangalia miezi mitatu. Alisoma, akauliza wenye nalo, akaendesha la mtu mwingine hadi Thika na kurudi. Miezi mitatu! Mimi Mjapani nilimnunua ndani ya dakika kumi, na mvua ilikuwa inanyesha.

Halafu ikawa zamu yetu. Mkanda wa nyuma umefungwa fundo. Mutisya akauliza kibandiko cha kanisa pale kwa dashibodi kinafunika nini. Nikasema kinafunika dashibodi. Akakibandua. Taa nyekundu ya mfuko wa hewa, inawaka. Akafungua katikati ya usukani, pale mfuko wa hewa unapokaa.

Soksi.

Soksi moja, ya mtoto, imekunjwa vizuri. Waithira amecheka hadi akakalia tairi. Dada zake wameipiga picha. Nimewaambia angalau ni soksi iliyotoka Japani. Wakazidi kucheka.

Ijumaa, 5 Desemba

Kamati imeamua. Kagari ka Owino ndiko kamechaguliwa. Owino amekuja mwenyewe na kofia mkononi, akasema kama ningependa, niendeshe mimi, yeye atapanda na wengine. Nimemwambia siendeshi friji. Akacheka. Huyu mtu hakasiriki! Ni kazi ngumu kushindana na mtu kama huyo.

Jioni Wangechi amenipata nikimpaka Mjapani nta. Ameleta kitambaa akaanza kusugua upande ule mwingine. Akasema yeye hajali gari. Anachotaka ni niwe kando yake, sio mbele nikipigana na gia. Nimemwambia niliahidi. Akasema alikuwa na miaka minne na alikuwa analilia mandazi. Kisha akaniomba nisifanye chochote kesho. Chochote, Baba. Nimemwambia sijafanya kitu, na wakati huo ilikuwa kweli.

Sasa mpango wa nne. Ploti yetu ina geti moja. Kagari kanalala ndani. Kesho kabla watu waamke nitamweka Mjapani kukingama geti. Hakuna gari litakalotoka kabla yangu, na bibi harusi hawezi kuruka ukuta na gauni. Watakuja wakiniomba. Nitasema sawa, lakini apande hapa.

Nimefikiria kila kitu. Hata wageni. Watu wa Dismas, bwana harusi, wanatoka Makongeni kule Thika lakini kwao hasa ni Kakamega. Shangazi yake Jentrix amekuwa akipigia Waithira simu wiki nzima kuuliza kama ni kweli sisi Wakikuyu tunawafungia wageni geti hadi watoe vitu. Waithira amemwambia ni kweli, na waje wamejipanga.

Jumamosi, 6 Desemba

Woi! Hii siku!

Nimemweka Mjapani kwa geti alfajiri. Pua kwa ukuta mmoja, mkia kwa ukuta ule mwingine. Amekaa vizuri ajabu. Nikavaa suti, nikakaa ndani, nikangoja kuombwa.

Waithira ametoka, ameona, hakuniomba. Ameniambia nitoe hiyo takataka. Kwa sauti yake nikajua mpango umekufa. Nikageuza ufunguo.

Nyi nyi nyi. Tik.

Nikageuza tena. Tik. Nikajaribu kumtoa gia tusukume. Gia imekataa kutoka. Mutisya, ambaye alikuja kama mgeni na tai shingoni, akalala chini akatazama. Akauliza kama kuna kitu kiliwahi kuanguka kwa hili gari. Nikasema hapana.

Hapo tarumbeta zikasikika. Watu wa Dismas wamefika! Huku ndani Wangechi amesimama mlangoni na gauni, Owino yuko kwa kagari kake akingoja, kasisi anapiga simu. Katikati ni mimi. Nikaona binti yangu akikosa harusi yake kwa sababu ya babake, na nikatamani ardhi inimeze pamoja na gari.

Jentrix akaja mbele, mama mkubwa mwenye kitenge cha manjano. Akaona gari limekingama geti na baba wa bibi harusi ameshika usukani, anatoka jasho, hasongi. Akapiga makofi! Akageukia watu wake akawaambia hawa wakwe sio mchezo, hili ndilo geti lao! Wakaanza kuimba. Akaweka blanketi juu ya boneti. Nikamtingishia kichwa kumwambia gari haliwaki. Akaweka blanketi la pili. Nikamwonyesha mikono yote miwili kwamba hakuna njia. Akaongeza sufuria, kreti za soda, jogoo. Dada za Waithira, hawa watu ni hatari, wakashika wimbo upande wetu wakawa wananijibia.

Nimefungua mlango nikashuka nieleze. Jentrix amenivika koti jipya na kofia. Wote wakashangilia! Halafu kwa vile mlango ulikuwa wazi, Dismas akaingia. Akapita kwa viti, akatokea mlango wa upande ule mwingine, ndani ya ploti. Vigelegele! Nyuma yake wasimamizi. Nyuma yao mashangazi, mmoja mmoja, wanainama, wanapita ndani ya Mjapani wakiimba, mwenye kofia anashika kofia. Aliyekwama tukamvuta. Sijawahi kuona watu wakifurahi hivyo kwa sababu yangu.

Lakini bibi harusi na gauni lile hangepita. Owino ameleta kamba. Amefunga Mjapani nyuma ya kagari kake. Nimefumba macho. Kagari hakakulia, hakakutetemeka. Kameenda tu mbele, na Mjapani akafuata na magurudumu yakiburutika, akaenda kukaa chini ya kamba yake ya nguo. Nimesikia watu wakishangilia gari lingine na, lo, hata mimi nilikuwa nashangilia.

Wangechi amenishika mkono akanivuta kiti cha nyuma. Owino akaendesha. Kimya. Miaka yote hiyo nimemwendesha huyu mtoto nikimwuliza ati? ati? bila kusikia hata nusu. Leo, tukipita Ruiru, ameongea polepole kabisa. Amesema, Baba, usiniachilie mkono tukiingia. Nimesikia mara ya kwanza. Sikumwuliza ati.

Nimelia hadi kanisani. Owino amenipa kitambaa bila kugeuka. Na mkono sikuuachilia, hadi kasisi akaniambia sasa inatosha, mzee.

Jumatano, 10 Desemba

Mambo ni mazuri sana.

Jentrix amewasimulia watu wote desturi ile ya kupita ndani ya gari. Ana mpwa anayeolewa Githurai mwezi ujao na wanaomba Mjapani akawe geti. Nimewakubalia. Nimeeleza Waithira kwamba yote yalikuwa mpango wangu toka mwanzo. Ametoka nje ya nyumba akacheka huko nje.

Kile kitu chenye tundu, nimekipatia kazi. Kinashikilia mlango wa choo usifunguke.

Sasa nimebaki bila gari la kuendesha, na Wanja wetu, mdogo wake Wangechi, yuko kidato cha tatu, harusi yake haiko mbali. Nimefungua macho. China ndiyo mambo yote! Nimetafuta kwa simu leo asubuhi na nimepata lenyewe, jipya, la umeme, bei hata haifiki robo ya ile ya Owino. Robo! Yeye alitafuta miezi mitatu, mimi nimemaliza kabla chai ipoe. Waithira amesema nimwulize Owino kwanza. Owino anajua nini kuhusu magari ya China?

Nimeshatuma pesa. Usukani uko katikati, muuzaji anasema ndio muundo wa kisasa. Nimetazama picha vizuri sana, pande zote. Naona magurudumu matatu. La nne lazima liko upande ambao hawakupiga picha.