Kivuli cha Bibi Varambon

Jumatatu, 5 Mei 1884, Paris

Picha imekamilika! Bibi Varambon, mke wa mwenye kiwanda cha sukari, anatembea bustanini na mwavuli mweupe. Keshokutwa itatundikwa sebuleni kwake mbele ya wageni. Wakiipenda, mabibi wote wa mtaa ule watataka niwachore mimi. Mchoraji mwenzangu Puyjalon atakufa kwa kijicho. Hodari wa kuchora vifungo, basi!

Bibi alinisimamia nimchore asubuhi tatu, saa nne, wakati mabibi wenye heshima wanapotembea. Lakini mwanga wa saa nne umepooza kama supu ya jana. Nikarudi peke yangu jioni, nikachukua jua la saa kumi na mbili: vumbi la dhahabu, vivuli virefu vya zambarau. Nani atajua?

Jumatano, 7 Mei

Wamejua.

Walianza kwa kusifu kofia. Nilikuwa kwenye keki ya tatu. Puyjalon (nani alimwalika?) akasogelea picha, akasema kwa sauti ya asali, “Kumbe Bibi hutembea jioni? Hebu tazameni kivuli hicho. Saa kumi na mbili hiyo!”

Saa hiyo wake za watu wamekwisha rudi nyumbani, bustani imeachiwa vimada na mabwana zao. Bwana Varambon akamuuliza mkewe alikuwa akimngoja nani. Mkewe akaanza kulia. Nikaona nimtetee. Nikaapa mbele ya wote kwamba jioni zile bustanini nilikuwepo mimi.

Nimetoka bila kofia.

Ijumaa, 9 Mei

Picha imerudishwa. Bibi amepelekwa kwa mamake, Rouen. Kaniandikia mistari miwili tu: alinipa asubuhi zake tatu, ningemchora katika asubuhi hizo. Nimeona haya. Sikuweza kula mpaka mchana.

Puyjalon kapewa kazi ya kumchora Bwana Varambon. Vifungo kumi na viwili. Nyoka yule! Kosa lote ni lake, nani alimtuma asome saa kwenye kivuli?

Jumapili, 11 Mei

Mungu hamtupi mja wake! Mke wa hakimu Coutelle anataka picha ya bustani, tena upesi. Nitafuta uso wa Bibi Varambon, niweke wake. Jua siligusi, limetoka vizuri mno.

Nasikia hakimu ana wivu, hataki mkewe aonekane peke yake. Hilo nimelifikiria. Nitamwongezea bwana wa kumshika mkono. Sina wa kunisimamia, kwa hiyo nitatumia kioo, nijichore mwenyewe.