Kuhusu Garimoshi Lenu Lililokwama Sebuleni Kwangu

Kwa Katibu,
Umoja wa Madereva na Mafundi Wastaafu wa Garimoshi, Nakuru.

Ndugu Njuguna,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, wewe na kamati yako iliyokaa, ikanywa chai, ikafikiri, kisha ikaamua kwamba zawadi ya kumuaga mtu aliyeendesha garimoshi maisha yake yote ni garimoshi lingine, dogo, la kuchezea, la stima. Hongera. Mimi ni mke wa huyo dereva, Kosgei wa hapa Njoro. Tangu Krismasi garimoshi lenu lilikuwa likizunguka juu ya meza yangu, yeye akilitazama, nami nikiendelea na kazi zangu kwa amani. Sasa limesimama. Nadai kwa heshima mje mlitengeneze, kwa sababu zifuatazo.

1. Mzee wangu ametafuta ubovu kitaalamu, kuanzia chini kwenda juu. Alisugua reli kwa spiriti. Halikwenda. Akasugua magurudumu kwa mswaki, na sitasema mswaki wa nani. Halikwenda. Akaweka karai la maji katikati ya sebule, akayakodolea macho, akatangaza: "Mama Chebet, hii nyumba imeinama." Sasa viti vyote vimewekewa matofali upande mmoja, na akina mama wa maombi wakija wanateleza mmoja mmoja hadi wanamlalia Rahab, mke wa mchungaji, ambaye halalamiki kwa sababu ya cheo chake.

2. Baada ya nyumba, alishuku stima. Alisema friji inaiba nguvu za injini, akaizima bila kuniambia. Maziwa yakaganda yote, yakawa mala. Nawashukuru, maana sikujua familia ya watu wawili inahitaji mala nyingi hivyo. Injini nayo, baada ya kuachiwa stima ya nyumba nzima, haikutingishika hata kidogo.

3. Alipoukosa ubovu kwa injini, akaanza kuutafuta kwa ng'ombe. Anamwekea bisibisi ubavuni, sikio kwenye mpini, anasikiliza kama mlivyokuwa mkisikiliza mashine huko karakana. Ng'ombe amepunguza maziwa, nadhani kwa aibu. Kiplimo, anayekusanya maziwa kwa pikipiki, haruhusiwi kuondoka kabla ya kupungiwa bendera ya kijani. Aliniuliza, "Mathe, huyu mzee ametumwa na kaunti ama?" Nilimwambia asubiri bendera.

4. Hili ndilo kubwa. Ndugu Katibu, mlimchukua akiwa kijana. Nyumbani alikuwa akija kulala. Akiamka, anaenda Kisumu au Mombasa. Tulizaa, tukasomesha na kujenga bila kukaa jikoni pamoja hata jioni moja ya maana. Nilizoea. Sasa nikisonga ugali amesimama nyuma yangu, anauliza kwa nini nazungusha mwiko kwenda kushoto. Nikienda kukata nepia, majani ya ng'ombe, ananifuata na mwavuli, anikinge jua. Juzi aliniuliza kama nakunywa chai na sukari. Tuna wajukuu, Ndugu Katibu! Jana alitaka kujua Chebet alianza kutembea lini. Nilipomwambia, akasema, "Hiyo siku nilikuwa Voi." Mwanamke wa umri wangu hawezi kuanza kuchumbiwa upya huku uji unafurika.

5. Kwa hivyo chagueni. Mtume fundi. Ama mumrudishe kazini, hata bila mshahara, awe anapuliza filimbi tu. Yote yakishindikana, leteni injini kamili, moja ya zile zinazopata kutu, muiegeshe hapa kando ya nepia. Nafasi ipo, na nitaipaka rangi mwenyewe. Mkikataa, nitamleta kwenu pamoja na matofali yake, akague nyumba zenu pia.

Nisalimie kamati yote, mweka hazina, na hasa yule dada aliyependekeza zawadi hii. Namwombea mumewe astaafu upesi.

Wako mwenye subira iliyobaki kijiko,
Cheruto Kosgei (Mama Chebet)

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado wazi. Asubuhi hii amegundua kwamba kipande kidogo cha kaboni ndani ya mota kilikuwa kimelika. Amevunja betri kuukuu ya tochi, akatoa kaboni yake, akaichonga ikatosha, na garimoshi linazunguka. Amefurahi sana. Tangu hapo hajatoka sebuleni. Nimepika chapati, nikageuka nimwambie jambo fulani, nikakuta ninaongea na kabati. Kwa hivyo fundi asije. Lakini wewe ulifanya kazi karakana, Ndugu Njuguna. Nieleze, ikae kati yetu wawili tu, ni kitu gani ndani ya hiyo mota mtu anaweza kulegeza kidogo, mwenyewe asigundue haraka.