Baba Mkwe Hali Omena

Zedekiah Obuya,
Nyumba ya mwisho, karibu na tangi la maji,
Kabiria.

Kwa Mama Mkwe Virginia Waringa,
Mutuini.

Mama Mkwe mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUMREJESHA MAREHEMU MUME WAKO NYUMBANI KWAKE

Nakusalimu kwa unyenyekevu na kwa mbali, kama inavyompasa mkwe. Natumai ng'ombe hajambo, viazi vimeshika, na wale wapangaji wapya wanalipa kodi bila kukimbizwa. Mimi ni mzima kiasi. Binti yako Jackie ni mzima kabisa. Waliotushinda sote kwa uzima ni paka, na ndio walionifanya nishike kalamu.

Mama, kwetu mwanamume hazungumzi na mama mkwe wake habari za chakula. Wewe mwenyewe ni shahidi: tangu nimuoe Jackie sijameza kitu mbele yako zaidi ya soda, na hata hiyo niliinywa nikitazama ukuta. Kwa hiyo elewa kwamba jambo hili limenifika hapa, kooni. Nilimwomba Jackie akueleze kwa simu, akakataa. Kuja mwenyewe siwezi, maana maneno haya hayasemeki uso kwa uso. Mimi ni karani wa ofisi ya mawakili huko mjini. Kutwa kucha ninachapa malalamiko ya watu wengine. Leo acha nichape yangu.

Unakumbuka ulipokuja kututembelea baada ya msiba wa Mzee Dedan, Mungu amlaze pema. Ulikuja na kiondo. Juu viazi, chini yake ndizi, na chini kabisa paka dume wa kijivu. Ulisema atatumalizia panya, nasi tukashukuru, mimi hata nikashukuru mara mbili. Shida ilianza ulipopanda boda kurudi. Jackie alimtazama yule paka, paka akamtazama Jackie, kisha akapiga chafya. Jackie akasema huyu anapiga chafya kama Baba. Papo hapo akamwita Dedan, na mimi kwa ujinga wangu nikacheka.

Malalamiko yangu ni kama yafuatayo:

1. Utaratibu haukufuatwa. Kwa desturi yenu, ambayo mimi naiheshimu kuliko hata wenyewe, dume wa kwanza nyumbani hupewa jina la baba wa mume, yaani baba yangu mimi. Nilipomkumbusha Jackie, alinijibu kwamba paka ametoka Mutuini, kwa hiyo ni wa upande wao. Sikubishana. Niliwaza nikaona kwamba paka akiitwa kwa jina la baba yangu, nitakuwa nimemlaza mzazi wangu ndani ya nyumba yangu, na kwetu huo ni mwiko. Nilikuwa nimeshanyamaza nilipokumbuka kwamba baba mkwe naye ni mwiko! Baba mkwe hapewi kitanda kwa mkwewe hata mvua ya mawe inyeshe. Na huyu wetu analala kwangu kila siku, Mama, katikati ya kitanda, miguu juu. Mimi nimehamia kwenye kochi, kwa heshima.

2. Chakula. Hapa nakuomba uketi. Kabiria nzima, mwenye paka humpa omena, dagaa wa ziwani. Unapimiwa kikombe kwa mama wa samaki, unachemsha, unaponda na ugali uliolala, paka anakula, maisha yanaendelea. Mimi ni mtu wa ziwani, nyumba yangu haijawahi kukosa omena, kwa hiyo niliona huyu paka hatatugharimu chochote. Nilimwekea sahani. Mzee akanusa. Akainua mguu wa mbele, akaparura sakafu kuzunguka sahani kama mtu anayefukia uchafu, kisha akaenda kukaa mlangoni akitazama barabara ya kwenda kwako.

Jackie alipiga makofi. Si nilikwambia ni Baba! Nami, Mama, nikakumbuka siku niliyokuja kujitambulisha. Nilileta mbuta, samaki mzima aliyekaushwa, amefungwa kwa gazeti, nauli yake peke yake ilinifilisi. Mzee Dedan alimpokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniambia kwa upole kwamba yeye hali kitu kisicho na miguu. Yule mbuta aliliwa na mbwa wako. Sikulalamika. Lakini kule ofisini kwetu tungesema paka kukataa samaki ni sadfa tu. Jackie anasema ni ushahidi.

Tangu siku hiyo Mzee anakula steki. Si mifupa, si mapafu, si ile nyama ya kupimiwa mwisho wa siku. Steki iliyokatwa vipande vidogo, ikachemshwa bila chumvi. Mwaura wa bucha ameniuliza nani anaugua kwangu, kwa kuwa katika ploti yetu ya wapangaji hakuna mtu anayenunua steki mwezi ukifika katikati. Nilimwambia nina mgeni. Sikusema uongo, baba mkwe ni mgeni. Sisi wenye nyumba tunakula sukuma wiki, na ikibaki supu ya Mzee ndiyo tunayoungia hiyo sukuma. Yaani kichwa cha nyumba anangoja makombo ya paka!

3. Nilijaribu kubana matumizi, nikaaibika. Nilisaga omena nikaichanganya na nyama. Mzee alikula nyama yote, akaiacha omena kando ya sahani, kavu, kana kwamba aliichambua kwa vidole. Basi nikasema njaa itamfundisha, nikamnyima chakula asubuhi moja. Jackie alipogundua alipaza sauti, na ukuta wetu ni wa mabati, Mama. Majirani wote walisikia: Obuya, unamnyima Baba chakula? Baba yangu mzee, unamlaza njaa?

Jumapili walikuja akina mama watatu wa kanisa, na unga na sukari, kumjulia hali mzee anayenyimwa chakula na mkwewe. Walimkuta amelala juu ya televisheni. Hata hivyo waliomba, na mmoja wao akanikazia macho mpaka amina. Unga hawakurudi nao.

4. Panya bado wapo. Wamenenepa.

5. Peres. Huyu ni paka wa kike, alinifuata kutoka soko la Kawangware kwa sababu nilikuwa nimebeba samaki. Jackie, ili nisiseme anapendelea kwao, alimpa jina la mama yangu mzazi. Mama yangu yuko hai, hajui, na nakusihi asijue. Sasa Peres naye hali nyama. Ukimpa omena anakutazama kama umemtukana. Anataka tilapia, tena mbichi, tena mnofu; kichwa nimeachiwa mimi. Kwa hiyo jikoni kuna sufuria ya Mzee, sufuria ya Peres, na sufuria ya watu. Gesi inaisha kabla ya zamu ya watu. Nikisema neno naambiwa mtoto mwema hamhesabii mama yake tonge.

6. Jambo hili nimeliandika na kulifuta mara nyingi. Nisamehe, Mama Mkwe. Mzee Dedan na Peres wanalala blanketi moja.

Nimefumba macho kadiri nilivyoweza. Lakini sasa Peres ana tumbo, na tumbo halifichiki. Tufikirie pamoja, bila hasira. Peres ni mama yangu, kwa hiyo watakaozaliwa ni ndugu zangu wa tumbo moja. Mzee ni babake Jackie, kwa hiyo watakaozaliwa ni ndugu za Jackie kwa baba. Basi mimi na Jackie ni nini? Niliwauliza mawakili wetu, nikisema ni kesi ya rafiki. Mmoja alikuna kichwa, mwingine akatoka nje. Na wewe Mama, uliyeishi na mume wako kwa uaminifu mpaka kaburini, leo umeletewa mke mwenza, naye ni mama yangu! Nitakuja vipi kwako Krismasi? Nitaketi wapi?

7. La mwisho si la pesa. Jackie akirudi kutoka kazini saluni, kule Jamhuri, hata mkoba hajauweka chini, anachuchumaa mbele ya Mzee na kumweleza siku yake yote. Mteja aliyekataa kulipa, kiuno kinavyouma, mwenzake aliyemsengenya. Mzee anasikiliza amefumba macho. Akifika kwangu nauliza habari ya leo, naambiwa nzuri. Nzuri tu, basi! Nimeoa mwanamke anayesema na paka mpaka maneno yanamwishia. Hili linaniuma kuliko steki.

Kutokana na hayo yote naomba mojawapo ya mambo haya:

(a) Uje umchukue mume wako. Hakuna desturi, yenu wala yetu, inayomruhusu mke kumwacha mumewe alelewe na mkwe. Huko ana shamba, ana ng'ombe, maziwa ni yake.

(b) Ukishindwa, basi alishwe kwa kodi ya zile nyumba za kupangisha. Alizijenga yeye, jiwe kwa jiwe. Haiwezekani mwenye nyumba alishwe na mpangaji.

(c) Na ukisema kwamba yule si mume wako, ni paka tu, nakubali kabisa. Ila naomba uandike hivyo kwenye karatasi, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na chifu apige muhuri. Nikiwa na karatasi hiyo nitamwekea omena nikiwa na amani moyoni, na hakuna mama wa kanisa atakayenikazia macho.

Nisalimie ng'ombe, nisalimie wapangaji, waliolipa na ambao hawajalipa, na mbwa waliokula mbuta wangu sina kinyongo nao. Majirani wa kule juu wote waambie Obuya anawakumbuka.

Ni mimi mkwe wako, mwenye heshima nyingi na usingizi kidogo,

Zedekiah Obuya.

TANBIHI: Mama, barua hii ilichelewa. Mtu wa boda aliyekuwa ailete alizuiwa na mvua, ikabaki mezani, na Jackie akaisoma.

Nilijiandaa kwa vita. Hakuna vita. Aliikunja vizuri, akasema niko sawa, paka ni paka. Akawapa majina mengine, Kijivu na Madoa, akaponda omena na ugali, akawawekea sahani moja. Mama, Kijivu alikula. Alikula mpaka akailamba sahani, kisha akammalizia Madoa yake. Kwa hiyo anakula samaki, na sijui kama kuna siku alishindwa. Malalamiko yangu yote yameanguka. Ingekuwa kesi, ningeiondoa mahakamani nikalipa gharama.

Ilinipasa kufurahi. Nilirudi kitandani kwangu, nikajinyoosha, na kichwa cha tilapia kilichobaki nikakila kwa hiari yangu. Lakini Jackie alirudi kutoka kazini akaweka mkoba chini, asiseme kitu. Paka alimfuata mpaka jikoni, akamzungukazunguka miguuni, Jackie akampita. Nikauliza habari ya leo. Nzuri. Siku iliyofuata ikawa vile vile, nyumba imenyamaza kama tumehama. Kisha jana aliketi kitandani na viatu miguuni, akalia. Alimlilia baba yake. Unajua hakulia siku ya mazishi, Mama. Alikuwa anahudumia watu, anagawa chai, sote tukamsifu ana moyo mgumu. Na mimi mume wake miezi yote hii nilidhani tunagombania nyama.

Leo nimepitia kwa Mwaura wa bucha, nikanunua steki. Nimeingia nyumbani, nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti ili jikoni wasikie: Baba, habari ya jioni? Jackie akatoka akiwa na mwiko mkononi. Akaketi sakafuni, akamvuta Mzee karibu, akaanza kumweleza siku yake. Mimi nimekaa kwenye kochi, nasikia yote. Kumbe ana mambo mengi, mke wangu.

Kwa hiyo usije kumchukua. Njoo Jumapili umsalimie tu. Na ukija usimbebee matumbo. Tulijaribu, akatugeuzia mgongo. Unamjua.