Gundi ya Unga

Jumatatu, 4 Machi
Dada kanikabidhi unga wake wa mtama niutengenezee mifuko. Magunia matatu, mavuno yote. Haujaguswa na dawa tangu shambani. Mwenye duka kubwa atampa rafu moja, mradi mifuko ipendeze. Ikikataliwa, anarudi kufua nguo za watu. Kanisihi nisibuni mambo. Nimemwambia atulie, fundi ni mimi.

Jumanne, 5 Machi
Rula, mpiga chapa jirani yangu, katoa ushauri bila kuombwa. Karatasi ya kaki, gundi ya dukani, nailoni kwa ndani. Nikamjibu kwamba chakula cha asili hakivalishwi nailoni. Akasema sawa, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari hii guu ni la dadangu. Wivu. Ana mashine mbili na hana hata wazo moja.

Jumatano, 6 Machi
Gundi ya kushikiza mishono ya mifuko nimeipika mwenyewe, kwa unga uleule wa dada. Nimeionja. Tamu kidogo. Shemeji kauliza mbona nyumba nzima inanukia uji. Nikamwambia hiyo ndiyo sanaa.

Ijumaa, 8 Machi
Mwenye duka kabonyeza mfuko, kasoma maandishi yangu: Asili Mpaka Mshono. Katoa rafu ya usawa wa macho. Mzigo wote umeingia ghalani kwake. Dada alilia. Nikamwambia asinishukuru. Hakuwa amenishukuru.

Jumatatu, 11 Machi
Panya wa ghalani wamekula gundi. Unga hawakuuhangaikia, mishono tu, mfuko hadi mfuko, kwa unadhifu wa fundi cherehani. Mwenye duka aliinua mmoja, akabaki na karatasi mkononi. Magunia matatu yamefagiliwa pamoja na mavi ya panya. Rafu kapewa mwingine. Kasema hana ugomvi na dada, ila huyo nduguye asimwone tena pale.

Jumatano, 13 Machi
Dada amerudi kufua. Nilipita kumsalimu. Aliendelea kukamua shuka la watu. Shemeji akaninong'oneza niende zangu kabla beseni halijaruka.

Nimelitafakari kosa langu kwa makini. Gundi ilikuwa kidogo.

Nimechora nembo mpya: panya anayetabasamu. Chini yake: Panya Hadanganyiki. Binamu ana gunia la karanga zisizo na dawa, ndilo ada ya shule ya mwanawe. Nimemtumia ujumbe atulie, fundi yupo. Sufuria iko jikoni, inachemka.