Shemeji Hakubali Nikifurahi

Jumatatu, 9 Januari
Watu wa utafiti wamefika kijijini. Wanajaribu chanjo ya malaria kwa watoto. Watatoa damu kidogo tu, na mtoto akiugua, gari lao linamfuata mlangoni. Gari! Mwaka jana nilimbeba mwanangu Tadala mgongoni hadi hospitali, yeye anatetemeka, mimi nalia. Sitaki tena. Lakini hapa ni kwao mke wangu, na mtoto husemewa na mjomba. Mimi baba mtu ni mgeni anayelima.

Jumanne, 10 Januari
Nimemwomba shemeji Zikomo, kaka wa mke wangu. Akakataa hata sijakaa. Eti damu inauzwa. Nikisema tupalilie mahindi, yeye husema yaachwe. Mtu huyu ananichosha. Ila nimepata wazo.

Alhamisi, 12 Januari
Mkutano uwanjani shuleni. Nikapiga kelele kwamba mwanangu haguswi, hawa ni wanyonya damu! Shemeji akainuka palepale. Akauliza tangu lini mkamwini, mume wa kuhamia, akapanga mambo ya ukoo. Tadala ataingia, tena wa kwanza! Nilinuna vizuri sana. Moyoni nacheza.

Ijumaa, 13 Januari
Falesi, mke wangu, hasemi nami. Nimemwaibisha. Siwezi kumweleza mpango, hamfichi kaka yake kitu. Nimekula nsima, ugali mtupu, kwa chumvi.

Jumatatu, 16 Januari
Muuguzi Mwayi wa utafiti amemkataa Tadala! Mzazi mmoja akipinga, hawamchukui mtoto. Shemeji akafoka kwamba huyu si mzazi, ni mkamwini. Muuguzi akajibu, "Ni baba yake. Neno lake tunaliheshimu."
Miaka yote hii hakuna aliyenisikiliza, hata kuhusu mbolea. Siku niliyodanganya, naheshimiwa. Nikasema haraka kwamba nimebadili mawazo, nakubali. Muuguzi akamtazama shemeji, aliyesimama nyuma yangu ameshika jembe. Akasema hawamtaki mzazi aliyelazimishwa.

Jumatano, 18 Januari
Tadala ameamka anachemka. Gari la utafiti likapita, likamchukua mtoto wa jirani. Falesi akanifunga mtoto mgongoni. Niliogopa njia nzima. Sasa ametundikiwa maji, amelala. Mgongo unaniuma, na aibu pia.
Nimefikiri sana hapa kwenye benchi. Nikirudi nitamshukuru shemeji. Nitamwambia nafurahi mno Tadala ameachwa. Hawezi kuvumilia kuniona nimefurahi.