Soksi Mpya Siku ya Kuoshana Miguu

Jamani, miguu yangu imeniumbua leo. Mbele ya kanisa zima!

Kwa wasiojua: kanisani kwetu hapa kambini Dzaleka, kabla ya meza ya Bwana, tunaoshana miguu. Wanaume upande wao, kina mama upande wao. Na pasta wetu anasisitiza uende kwa yule mliyekosana naye. Kama hamjakosana na mtu, heri yenu. Mimi ninaye. Anaitwa Bahati.

Bahati nimekua naye kwetu Uvira, kando ya ziwa, ua kwa ua. Tumekimbia vita pamoja, tukaimba kwaya moja. Mwaka jana nikashona sare za kwaya (mimi ni fundi cherehani), suruali yake ikatoka fupi. Vidole vinne tu! Akasimama nayo mbele ya wanakwaya wote: "We fundi, hii ulishonea mi ao mutoto wangu?" Watu wakacheka. Nikanuna. Naye akanuna kwa sababu nimenuna. Miezi minane tunaimba besi bega kwa bega bila salamu.

Sasa Alhamisi Bahati anapanda ndege na familia yake, wanahamia nchi ya mbali. Leo ilikuwa Jumapili yake ya mwisho. Nikisema kesho, kesho yenyewe haipo. Na katika kambi hii nzima, ni yeye tu aliyemjua marehemu baba yangu.

Kwa hiyo nilijiandaa. Jana nilikwenda Lilongwe kununua nyuzi pale sokoni Tsoka, nikapita kwa muuza soksi. Nikachagua nyeusi, mpya kabisa. Leo asubuhi nikasugua miguu kwa jiwe mpaka visigino vikang'aa, nikaipaka mafuta ya mgando. Mengi! Mke wangu akaniangalia.

"Papa Neema, sasa Bahati ataosha nini?"

"Sitaki aone uchafu."

"Njo maana inaitwa kuosha."

(Ningemsikiliza huyu mwanamke, leo ningekuwa mtu wa heshima.)

Njiani mvua ikanyesha. Viatu vikalowa. Sikujali, miguu yangu mimi naijua, iko safi.

Zamu yetu ikafika. Nikainuka, nikaenda mpaka kwa Bahati. Kanisa zima likageuza shingo. Wote wanajua habari ya suruali.

"Bahati, ndugu yangu, nimekuja."

Akavuta beseni, akapiga magoti yeye kwanza. Nikavua viatu. Nikavua soksi.

Mungu wangu! Miguu ilikuwa myeusi tii, mpaka juu ya kifundo. Rangi ya soksi yote imehamia kwangu, na yale mafuta yameishika vizuri. Nilitaka kurudisha kiatu, Bahati kashaushika mguu. Akautia majini. Maji yakawa wino.

"Leta maji ingine," akasema polepole.

Beseni la pili nalo likawa wino. Upande wa kina mama nikasikia: "Aki, huyu fundi iko analala kwa makaa?" Mwingine akaita: "Mumupatie sabuni ya unga!" Pasta akafunika uso kwa Biblia. Mabega yake yanacheza.

Beseni la tatu. Bahati ameinama, simwoni uso. Nikajua basi, kumekwisha. Kisha akainua kichwa, akakaza sauti, sauti ya baba yangu kabisa:

"Mutaingia kwa Mungu na matope ya ziwa?"

Jamani. Baba alikuwa shemasi. Kila Jumapili kule Uvira alitusimamisha mlangoni mwa kanisa mimi na Bahati, tumetoroka alfajiri kwenda ufukweni, na beseni lake liko tayari. Alituosha mwenyewe, huku anagomba. Miaka yote hii sikuwahi kumsikia tena. Leo nimemsikia.

Nikacheka mpaka nikalia. Naye hivyo hivyo, mguu wangu bado uko mkononi mwake. Nilipoosha yake (safi, ya kuudhi), nikamwambia: "Bahati, unisamehe. Lete ile suruali leo, niirefushe."

"Hapana. Unisamehe na mi. Lakini suruali hapana gusa. Nitasafiri nayo vile iko."

"Watu watakucheka!"

"Bacheke. Nitabaambia niko na fundi wangu kule."

Kwa hiyo ndugu zangu mlio ng'ambo, mkimwona mwanaume anashuka ndege na suruali inayoishia vidole vinne juu ya kifundo, mpokeeni vizuri. Ni wangu huyo. Na miguu yangu bado ni myeusi, naomba msiniulize.