Maboga Yenye Sura ya Mume Wangu

Jumatatu, 2 Machi

...na hata akipiga miayo anapendeza! Wiki ya sita ya ndoa, na bado nikimwona akivua viatu vya shambani mlangoni, moyo unaniruka kama panzi.

Lakini kuna wingu. Shule ya jirani inatafuta shamba moja: watoto waje kila wiki waone chakula kinavyokua, na jiko la shule linunue hapohapo. Tumebaki wawili. Sisi wa maboga, na Wifi, dada mkubwa wa mume wangu, mwenye ng'ombe ng'ambo ya kijito. Tukikosa, mume wangu atarudi machimboni kupasua mawe, na nyumbani atakuja kama mgeni, mara moja kwa miezi mitatu. Miezi mitatu! Nitakauka kama jani.

Leo Wifi alipita, akaniangalia mikono, akauliza eti bibi harusi na kucha hizi nitawafundisha watoto nini, kupaka rangi? Nikacheka. Moyoni nikasema, ngoja.

Nina wazo.

Jumatano, 4 Machi

Limetekelezwa! Maboga yetu bado machanga, kiasi cha ngumi. Nimechukua msumari, nikachora kwenye kila moja sura ya mume wangu: macho, pua, na tabasamu lile lililonimaliza. Ganda likikwaruzwa likiwa changa, kovu hukua pamoja na boga. Watoto wakija watakuta shamba zima linawatabasamia! Ng'ombe wa Wifi anatabasamu? Thubutu.

Utomvu ukatoka kwenye macho. Nikaufuta. Ukatoka tena. Machozi ya furaha, nadhani.

Mume wangu hajui, majani bado yameyafunika. Ni zawadi.

Jumapili, 8 Machi

Mvua, kisha jua, na maboga yamefura. Tabasamu nalo. Hapa sikufikiri vizuri: midomo imepanuka mpaka inakaribia kukutana kisogoni. Macho yamekimbiana, moja linatazama kijito, jingine mbinguni. Makovu yamevimba, meupe, laini. Nimegusa mdomo mmoja. Una joto. Jua hilo, bila shaka.

Jambo jingine. Jana kila boga lilielekea upande wake. Leo adhuhuri nimetoka kumwaga maji ya vyombo, yote yameelekea mlango wa jiko. Yote! Upepo umekata. Hata inzi hasikiki. Nikayaamkia. Ningefanyaje? Ni sura ya mume wangu, na adabu ni adabu.

Naye akatoka, akayaona. Akauliza taratibu, huyu ni nani. Nikamwambia ni wewe, mpenzi! Akakaa chini palepale, kwenye tope. Mapenzi yamemzidi.

Alhamisi, 12 Machi

Mama mkwe amekuja kututembelea, lakini hakukubali kukatiza shambani. Kazunguka na barabara, na miguu yake ile mibovu. Akaniambia, mwanangu, mimi wa kiume nilimzaa mmoja tu, hawa wengine ni wa nani? Mcheshi sana mama huyu!

Mchana nikaenda kwa Wifi kumpasulia ukweli: aache kuja kutugeuzia maboga ili kututisha. Akaapa kwamba hajakanyaga kwetu. Akasema hata ng'ombe wake hawataki tena kunywa upande ule wa kijito, wala yeye hawalazimishi. Mwongo! Ila maziwa yalimwagikia miguuni asiyaone.

Jumanne, 17 Machi

Wamekuja! Mwalimu Mkuu mbele, watoto nyuma wawiliwawili. Mume wangu kasimama katikati ya shamba, anawaeleza nyuki anavyochukua unga kutoka ua dume kupeleka ua jike. Anavyoongea! Nikasahau hata kupumua.

Watoto wakamtazama usoni. Wakatazama maboga. Wakarudi usoni kwake. Hakuna aliyelia. Walisogeleana tu, kama watu walioingia chumba cha mgonjwa. Kisha kasichana ka mbele kakanyoosha mkono, kakauliza kwa heshima zote, samahani baba, kati yenu nani alipandwa kwanza?

Mume wangu akajipapasa uso.

Mwalimu Mkuu akasema jiko lake halitapika kitu kinachomtazama mpishi. Wakavuka kijito kwenda kwa Wifi, wakitembea kinyumenyume. Hawakutaka kuyapa mgongo.

Nimelia mpaka kwikwi. Mume wangu akanikumbatia, akasema ana neno. Tangu Jumapili ile, kila alfajiri anayalaza maboga kifudifudi. Akirudi adhuhuri, yameinua nyuso. Alidhani ni mimi nayainua kwa mapenzi, akaona asinivunje moyo. Nikamwambia mimi sijayagusa. Nilidhani ni Wifi, na kama si Wifi, ni yeye.

Kumbe siku zote hizo tulikuwa tunafikiriana! Ndoa ndiyo hii.

Ijumaa, 20 Machi

Shule amepewa Wifi. Lakini jiko la shule halipiki maziwa matupu, linataka na mboga. Asubuhi akasimama barabarani, hakuingia, akapaza sauti: mdogo wake akamlimie mchicha na karoti, atamlipa kila wiki, mradi asivuke na hata mbegu moja ya vitu vile. Machimbo basi! Mume wangu atalala nyumbani kila siku! Wifi yangu, dhahabu yangu!

Kwa hiyo mpango wangu umefaulu. Kilichohitaji kurekebishwa ni msumari tu. Mwakani nitatumia kisu.

Yamebaki maboga. Mume wangu hayali, anasema mtu hawezi kujitafuna. Na tangu asubuhi yamegeuka tena. Hayatazami jiko. Yanatazama njia waliyopita watoto. Yamewapenda, maskini!

Siwezi kuyaacha na huzuni hiyo. Nimeazima mkokoteni. Kosa letu lilikuwa kuwaita watoto wote kwa pamoja, ugenini. Mtoto huzoea kitu akikikuta kwao. Kila mmoja nitamwekea boga lake nje ya dirisha, akifungua macho tu, atabasamiwe. Msinune, watoto wazuri. Kabla mwezi huu haujaisha, tutakuja kuwatembelea.